Mwalimu wa Grafu na Kitambaa cha Meza cha Mkewe

Kitambaa kilikuwa cha mkewe. Nalitanguliza hilo kwa sababu katika miaka yote niliyomfahamu mwalimu wetu wa Kiingereza, mkewe hakuacha mtu yeyote alisahau. Kilikuwa cha miraba, miekundu na myeupe, alikinunua mwenyewe sokoni Kasongo, mji wetu huku mashariki ya Kongo, na mumewe akakigeuza karatasi ya grafu. Shule yetu haikuwa na karatasi za miraba. Basi mwalimu alikuja nacho kwapani, akaunganisha madawati mawili, akakitandaza, akatoa mfukoni punje za mahindi na uzi mweusi. Punje zilikuwa nukta, uzi ulikuwa mstari. Darasa zima tulisimama kukizunguka, kila mtu na daftari lake, tukiandika kwa Kiingereza kile ambacho uzi ulikuwa ukifanya: umepanda polepole, umeshuka ghafla, umekaa palepale, umepanda tena lakini haukufika pale pa mwanzo. Saa sita ilibidi kitambaa kirudi nyumbani. Mama Prof, ndivyo tulivyomwita mkewe, hakuwa mtu wa kuweka sahani juu ya mbao tupu.

Sitasema mwalimu alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kasongo wako watu wengi wa kukueleza hayo, na kila mmoja atakupa jibu lake. Mimi namjua kwa mengine. Tena nina sababu yangu ya kuandika: sentensi moja niliyoitunga kwa Kiingereza, sentensi nzuri isiyo na kosa hata moja la sarufi, karibu ifunge chumba cha kuzalia cha kijiji kizima kwenye njia ya Salamabila. Nitafika huko. Kwanza mumfahamu yeye.

Walimu wengine wa Kiingereza walitufundisha kuomba maji na kusalimia malkia. Yeye alitufundisha grafu na majedwali. Mzazi mmoja aliwahi kumfuata shuleni kumuuliza faida yake ni nini, na mwalimu akamjibu mbele yetu, bila haraka.

"Baba, mashirika yote inakuja huku inaandika rapo kwa Kiingereza. Kila rapo iko na grafu. Mutu wa kueleza grafu watamupata wapi? Watamupata hapa, kwa hii darasa."

Mzazi akaangalia kitambaa cha meza, akaangalia mahindi, akaondoka akitikisa kichwa. Binti yake leo anaandika rapo, yaani ripoti, huko Kindu, kwa hiyo nadhani kichwa kimetulia.

Mwanzoni mwalimu alikuwa na kitabu kimoja cha zamani, kimepoteza jalada. Ndani yake mlikuwa na grafu ya nguzo iliyoonyesha makoti mazito yaliyouzwa katika nchi moja ya baridi, mwezi kwa mwezi. Nguzo ya Desemba ilikuwa ndefu kuliko zote. Jirani yangu wa dawati, msichana wa Nyangwe mwenye mwandiko mzuri kunishinda, akaandika kwamba Desemba watu wa nchi ile walinunua makoti mengi kwa sababu ya Bonane. Sote tuliandika hivyohivyo. Kwetu nani anaingia mwaka mpya na nguo ya zamani?

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamuuliza, "Nani alikuambia ni Bonane?"

"Prof, kila mutu anajua."

"Grafu ilikuambia?"

"Hapana, Prof."

"Basi andika kile grafu ilikuambia, halafu nyamaza. Sababu utaileta ile siku utaenda kuiuliza."

Hapo ndipo tulipojifunza mpango wake wa insha, na nikiamshwa usingizini naweza kuutaja. Kwanza sema kilicho kikubwa kuliko vyote. Pili linganisha. Tatu nyamaza. Hilo la tatu ndilo lililotushinda, maana sisi watu wa Kasongo sababu tunazo tayari kabla ya jambo lenyewe kutokea. Kwa kila insha ya mistari kumi tulileta sababu za mistari kumi na tano, naye alizifuta zote kwa kalamu nyekundu huku akipiga mluzi.

Baada ya habari ya makoti alikiweka kile kitabu kabatini. Akasema tutafanya majedwali yetu wenyewe, ya vitu tunavyovijua. Akaenda sokoni na daftari na kalamu sikioni ili kuwauliza akina mama wa mawese wanauza madumu mangapi kwa siku. Mwanamume mwenye daftari sokoni, kila mtu anajua anatafuta kodi. Mama wa kwanza akamwambia hauzi kitu. Wa pili akasema yeye anamlindia mwenzake tu, hata mawese yenyewe hayajui. Wakati huohuo alikuwa akimimina mawese kwenye chupa ya mteja. Mwalimu alirudi hivyo sokoni siku sita mfululizo, na Jumatatu iliyofuata akatuchorea jedwali ubaoni: siku sita za soko, na chini ya kila siku sifuri. Akatuambia tulieleze kwa Kiingereza.

Tuliandika, tufanye nini. Mimi niliandika kwamba mauzo ya mawese katika soko la Kasongo yalibaki palepale wiki nzima. Akanipa pointi nne kwa kumi na kuniambia ni kweli kabisa na ni uongo kabisa, na kwamba siku nitakapojua vinawezaje kukaa pamoja nitakuwa nimeiva. Juma lililofuata akamtuma Mama Prof, ambaye hakubeba daftari wala kalamu. Alikaa, akanunua chumvi, akauliza habari za watoto, akarudi na hesabu ya soko lote kichwani. Jedwali lile lilitufundisha muhula mzima.

Pointi zake zilikuwa habari nyingine. Hakuna aliyepata zaidi ya saba. Tulipolalamika alisema saba ni ya mtu aliyeeleza vizuri, na zile tatu zilizobaki hajaamua bado ni za nani. Msichana wa Nyangwe alipata saba mara mbili na akazunguka nazo shule nzima. Mimi niliipata mara moja.

Na mbili niliipata mara moja pia. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka vizuri.

Alitugawa wawiliwawili tukahesabu vitu barabarani tangu asubuhi mpaka alasiri. Mimi na jirani yangu tulipewa pikipiki na baiskeli, kwetu huitwa kinga, zinazopita njia ya Kabambare. Tulikaa kwenye jiwe pale njia panda tukiweka vijiti, kijiti kimoja kwa kila inayopita. Asubuhi zilipita nyingi. Kufika saa sita zikapungua sana, na kuanzia saa tisa zikaongezeka tena. Tulichora mstari wetu, ukashuka katikati vizuri sana, tukaandika insha ambayo hata leo naweza kuisoma bila aibu kwa upande wa Kiingereza chake. Tuliandika kwamba saa sita idadi ya wasafiri ilishuka ghafla. Tukaongeza, kwa kiburi, kwamba watu wa Kasongo wana desturi ya kupumzika jua likiwa kali.

Aliisoma kwa sauti darasani. Akasifu vitenzi. Halafu akauliza, "Muliikala wapi?"

"Kwa jiwe, Prof. Kwa njia panda."

"Siku muzima?"

Tukatazamana. Siku nzima haikuwa. Jua lilipokuwa kali tulihamia kivulini, nyuma ya kibanda cha mama wa mandazi, na kutoka pale unaona nusu ya barabara tu. Waliopita upande wa pili hatukuwaona. Saa tisa kivuli kiligeuka, nasi tukarudi kwenye jiwe, na wasafiri wakarudi pamoja nasi.

Hakukasirika. Alituangalia kwa furaha kubwa, akaandika mbili kwa kumi, akawaambia wenzetu waje kuiona grafu ile kwa makini. "Hii iko grafu ya wasichana wawili na kivuli," alisema. "Ya kinga na pikipiki tutaifanya siku ingine." Kutoka siku hiyo, mtu yeyote akileta jedwali lolote, swali la kwanza lilikuwa hilohilo: ulikaa wapi. Aliwauliza hata watu wazima. Mtu akimwambia mvua ya mwaka huu ni ndogo, anamuuliza alikaa wapi.

Ungefikiri mtu wa namna hiyo ni mkweli wa kupindukia. La. Ukimtoa darasani, hakuna aliyemfikia kwa chumvi. Samaki aliyewahi kumvua mtoni Lualaba alikuwa na urefu wa dhiraa moja nilipoingia kidato cha kwanza, na nilipomaliza shule alikuwa amefika urefu wa dawati. Msichana wa Nyangwe, ambaye baba yake ni mvuvi, alichora grafu ya ukuaji wa yule samaki kwa miaka minne na kumpelekea. Mwalimu akaitazama, akasema mstari umechorwa vizuri, akampa sita. Alituhubiria pia kuwahi, naye hakuwahi hata siku moja. Kila asubuhi alipita msikitini kuwasalimia wazee waliotoka kuswali, kisha akapita kwa masista kuwaulizia bustani yao, kisha akakumbuka kwamba ana darasa.

Kiingereza chenyewe alikisikia redioni na kwenye vitabu, hakuwa na wa kuzungumza naye. Siku wageni wawili walipokuja kuitembelea shule, mkurugenzi akamsukuma mbele. Mgeni akamuuliza hali yake. Mwalimu akafikiri, kisha akamjibu kwamba asubuhi afya yake ilipanda kidogo, ikabaki palepale mpaka saa nne, na tangu alipowaona wao imepanda kwa kasi. Wageni walicheka wakamshika mkono muda mrefu. Sisi tulioelewa tulivimba kwa fahari, na lugha hiyo ikaenea Kasongo. Mpaka leo ukimsikia muuza samaki akimwambia mwenziwe kwamba hasira ya mumewe imeshuka ghafla, ujue mmoja wao alisoma kwetu.

Mama Prof aliitumia lugha hiyo kuliko wote. "Subira yangu inashuka," alimwambia mumewe akiwa mlangoni na sufuria mkononi. "Tosha mahindi yako kwa kitambaa changu." Naye alizikusanya punje mojamoja, na grafu yoyote ile, hata kama haijakamilika, ilikwisha hapo. Sikuwahi kumwona akishinda mechi hiyo.

Sasa nifike kwenye sentensi yangu.

Alichomwambia yule mzazi kilitimia na kwangu pia. Nilipata kazi Kabambare, katika mradi wa afya unaosaidia vituo vya vijijini. Kazi yangu ni majedwali, grafu na maelezo ya Kiingereza. Mwaka huu niliandika rapo kuhusu vyumba vya kuzalia, nikiwa na grafu ya kila kituo. Kituo kimoja kidogo kwenye njia ya Salamabila kilikuwa na mstari wa kusikitisha. Ulienda sawa kwa miezi mingi, kisha ukashuka ghafla na kubaki chini. Nikaandika kwamba wanawake wa eneo hilo wameacha kwenda kuzaa kituoni. Mkubwa wangu akasoma, akaongeza chini yake pendekezo: chumba kifungwe, na kitanda, taa na mkunga wapelekwe Salamabila, ambako mstari unapanda. Rapo ilikuwa iondoke Jumatatu.

Jumamosi nilikuwa Kasongo kwa mama yangu. Nikapita kwa mwalimu na nakala mfukoni. Nasema kweli, nilikwenda kujionyesha. Siku hizi amestaafu, miwani yake imefungwa na uzi, nadhani ule uleule mweusi. Alikuwa kwenye meza, na kitambaa kimepauka sana lakini miraba yake bado inaonekana.

"Jambo Prof."

"Jambo sana, mama. Umeleta nini?"

Nikampa. Alisoma kurasa zote huku mdomo ukimcheza. Alipofika kwenye ile sentensi aliigusa kwa kidole, akaisoma mara mbili, akasema hilo neno la ghafla limekaa mahali pake. Nikafurahi. Kisha akavua miwani.

"Uliikala wapi?"

"Prof, mi niko mutu mukubwa sasa."

"Hata mutu mukubwa anaikala fasi fulani."

"Niliikala kwa biro ya mradi, Kabambare. Walituma mutu wa pikipiki, akaniletea rejista."

Alikunja karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kwa kumi, ngapi?" nikauliza, nikijaribu kutania.

"Mbili."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mtu nimevuka mito, nina ofisi, nina mshahara, bado napewa mbili. Nilienda nyumbani nimenuna. Lakini usiku nilimwona mawazoni mama wa mandazi na kivuli cha kibanda chake, na asubuhi nikampigia mkubwa wangu kumwomba aizuie rapo mpaka Ijumaa. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia sijui, na hilo ndilo tatizo. Akakubali kwa shingo upande.

Jumatatu nilipanda pikipiki. Njia ile ukiijua huhitaji nikueleze, na usipoijua hutaniamini. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkunga wa kituo ni mama wa makamo, mpole, wa maneno machache. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, na kitandani alikuwapo mama kijana na kichanga cha siku moja. Nje kwenye benchi walikaa wanawake wawili wenye mimba kubwa. Niliwatazama wale wawili na yule mmoja, nikaanza kuona aibu hata kabla sijauliza kitu.

Nikamwonyesha grafu. Nikamweleza kwamba kuanzia mwezi ule mstari umeshuka. Akautazama, akanitazama mimi, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Kilikuwa daftari la shule, lenye picha ya mpira jaladani, limejaa mwandiko wake tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho. Siku, jina la mama, msichana au mvulana, uzito.

"Rejista ilijaa," alisema. "Niliomba ingine, haikuya. Ile mistari kidogo ilibakia, niliwawekea wale wanapelekwa ku hospitali, juu hao lazima waonekane. Wengine wote niko nawaandika kwa hii kaye."

"Mama, na juu ya nini haukumupa kaye ule mutu wa pikipiki?"

Akashangaa kwa swali langu. "Aliomba rejista. Nikamupa rejista. Hakuna mutu aliomba kaye."

Nilikaa kwenye benchi katikati ya wale wanawake wawili nikaanza kunakili. Nilikaa juani, maana kivuli kilikuwa kimeshikwa na mbuzi. Ilinichukua mpaka alasiri, na mara kwa mara mkunga alinisomea pale wino ulipofifia.

Sentensi niliifuta. Niliandika nyingine kwamba rejista ya kituo ilijaa, kwamba wanaozaa humo hawakupungua, na kwamba kituo kinahitaji rejista mpya. Mkubwa wangu aliisoma Ijumaa, akakata pendekezo lake kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza rejista mbili. Chumba hakifungwi.

Jumamosi nikarudi kwa mwalimu na nakala ya lile daftari. Hakuniuliza kitu. Alienda kuleta mahindi. Kila safu ya miraba ikawa mwezi, na kila punje ikawa mtoto mmoja, mimi nikisoma na yeye akipanga, mpaka vidole vyake vikachoka na nikamsaidia. Tulipomaliza, pale ambapo mstari wangu ulikuwa umelala chini palikuwa pamejaa punje.

"Uliikala wapi?" akauliza sasa.

"Kwa jua, Prof."

"Saba."

"Na zile tatu?"

"Ziko za mukunga."

Mama Prof akatokea na sufuria ya wali, nyuma yake harufu ya samaki wa Nyangwe na sombe, majani ya muhogo. "Tosha mahindi yako," alianza, kama kila siku. Mwalimu hakusogea. Akamwambia kwamba hawa ni watoto, wale waliokuwa ndani ya daftari, ambao hakuna mtu aliyewahesabu.

Mama Prof alisimama akakitazama kitambaa chake. "Wote?"

"Wote."

Akageuka na sufuria yake, akaniambia nilete mkeka uliokuwa nyuma ya mlango. Siku ile tulikula chini.